Safari ya Japani na Mzee Asiyeniamini

Mzee wa kanisa letu la Ruiru alikuwa bado hajampa baba yangu jibu. Baba na ndugu zake walikwenda nyumbani kwake kuposa binti yake kwa ajili yangu, wakabeba majani ya chai na sukari, kwa maana nyumba ile haikupokea tena pombe. Mzee alikunywa chai, akashukuru, kisha akasema, "Huyo kijana wenu simjui. Nimemwona akifundisha watoto Jumapili, lakini simjui. Nitamwangalia."

Tangu siku hiyo nilijua ninaangaliwa. Nikitoka kazini kupitia mashamba ya kahawa, niliona kofia yake upande wa pili wa ua. Kanisani alihamia benchi ambalo angeweza kuona midomo yangu wakati wa maombi. Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni, na nikiangaliwa hivyo nilianza kutembea kama mtu aliyeiba kitu.

Ndipo wamisheni wakapata nafasi mbili za kwenda Japani, kwenye mkutano mkubwa wa walimu wa shule za Jumapili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee. Ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwalimu mwenzangu aliyejua kusimama mbele ya watu, lakini kaka yake alikuwa kizuizini, na serikali ikamnyima ruhusa ya kusafiri. Nikachukuliwa mimi kwa sababu nilikuwa nimetoka shule ya msingi na Kiingereza cha kutosha kumtafsiria mzee, ambaye hakuwa nacho hata kidogo.

Kwenye kiwanda cha mananasi huko Thika, ambako nilibandika karatasi kwenye mikebe, habari hiyo haikunipatia marafiki. Hali ya Hatari iliyotangazwa na Waingereza ilikuwa inaelekea kuisha, lakini watu hawakuwa wameacha kuchunguzana.

"Sisi tunapanga foleni kutwa kwa bwana shauri tupate pasi ya kufika Nairobi," mwenzangu wa mezani alisema. "Wewe unapewa ya kupanda ndege. Umemwuza nani?"

"Sijamwuza mtu."

"Haya. Ukirudi tutaangalia nani hayuko."

Wakacheka. Mmoja aliyesimama karibu na mlango hakucheka, na ndiye niliyemfikiria njiani mpaka nyumbani.

Kwenye ndege mzee hakulala nilipolala, na nilipoamka nilimkuta ananitazama. Mkutanoni tuliketi pamoja, mimi nikimnong'oneza yaliyosemwa. Alinisikiliza mimi lakini macho yake yalikuwa kwa msemaji.

"Huyo amesema maneno mengi," alisema. "Wewe umeniambia machache."

"Alikuwa anarudia, baba."

"Atiriri, sikiliza, kijana. Wewe niambie yote. Kama amerudia nitaona mwenyewe."

Mkutano ulipokwisha, wageni waligawanywa wakatembelee makanisa madogo ya mikoani. Sisi tulipelekwa kwa treni kwenye mji mdogo ulioko kando ya bahari, kwa mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyeinama kila aliposalimu. Mzee hakupenda kule kuinama. "Mtu anayeinama hivyo anakuficha uso," aliniambia.

Mlangoni kwa mwalimu yule ilitubidi tuvue viatu. Mimi nilivua. Mzee alivua vyake, akavifunga katika gazeti, akaingia navyo chini ya kwapa. Alikula navyo, akaomba navyo, na usiku aliviweka chini ya mto. Kwa kweli sikumlaumu. Kwetu, kiatu kilichoachwa nje huota miguu kikaenda.

Asubuhi iliyofuata mwenyeji alisema angetupeleka kuona kisiwa. Alifunga chakula katika kitambaa, tukatembea mpaka ufukoni. Kisiwa kilikuwa karibu, kidogo kama kilima kimoja cha kwetu, kimefunikwa na miti. Daraja jembamba liliunganisha kisiwa na nchi kavu. Kandokando ya kisiwa maji yalikuwa yamepungua, na miamba ilionekana imelala kwa mistari, mstari baada ya mstari, kama matuta ya viazi yaliyopigwa na mkulima mwenye mkono mzuri. Bahari iliingia katikati ya matuta yale na kutoka. Nilitaka kusimama niangalie, lakini mzee alikuwa nyuma yangu na sikutaka aulize ninaangalia nini.

Mwisho wa daraja palikuwa na lango. Lilikuwa jekundu, nguzo mbili na mihimili miwili juu, refu kuliko nyumba. Halikuwa na ua kulia wala kushoto. Halikuwa na mlango, wala askari, na mtu angeweza kulizunguka bila shida yoyote.

"Lango bila ua," mzee alisema. "Linazuia nini?"

Nilimwuliza mwenyeji. Alitabasamu, akasema halizuii kitu, ni la kuingilia tu.

"Hakuna lango la kuingilia tu," mzee alinijibu. Akalizunguka kwa nje, kwenye mchanga, na kusimama upande wa pili akitusubiri. Mimi nilipita katikati kwa sababu mwenyeji alikuwa amenishika mkono. Niliona mzee ameliona hilo.

Ndani kidogo, chini ya paa dogo, palikuwa na birika la jiwe linalobubujika maji safi, na juu yake vikombe vya mbao vyenye mipini mirefu. Mzee alilegea uso. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichokielewa tangu tutoke Ruiru. Mwenyeji alikuwa amebeba chakula. Maji yalikuwa hapo. Kwetu kijana humnawisha mzee mikono kabla ya kula, na mtu anayemposa binti wa mzee huyo hangoji kuambiwa. Nilichukua kikombe, nikachota, nikammwagia maji mkono wa kushoto kisha wa kulia. Alinawa vizuri, akasukutua na mdomo, akatema pembeni. Nami nikanawa.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu na watoto wake alitutazama akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Mwenyeji alipiga makofi madogo.

"Mmejua desturi yetu bila kufundishwa!" alisema.

"Anasema nini?" mzee aliuliza, akikausha mikono kwa leso.

Nikauliza kwanza. Mwenyeji akaeleza polepole. Maji yale hayakuwa ya chakula. Yalikuwa ya kujitakasa, ambayo kila mtu anayekwenda kuomba mbele ya mungu wa kisiwa kile huoshea mikono na kinywa, kushoto kwanza, kisha kulia.

Nilimwambia mzee. Leso ilibaki hewani. Akatazama juu kwenye miti, mikubwa, imesongamana, yenye mizizi minene.

"Miti hii haijaguswa na shoka," alisema hatimaye. "Ningeangalia miti kwanza. Kwetu pia, pale ambapo wazee wa zamani walikuwa wakichinja, hakuna aliyekata kuni." Kisha akanigeukia. "Na wewe unajua Kiingereza. Ulijua."

"Sikujua, baba. Nilidhani tunakula."

"Ulinimwagia kushoto kwanza. Kama wanavyotaka wao."

Nilikuwa nimeanza na mkono uliokuwa karibu nami.

"Mwulize watu huja hapa kuomba nini."

Niliuliza. Mwenyeji alisema wavuvi huja kuomba samaki, wasafiri huomba safari njema, na vijana huja kuomba wapate kuoa, maana kisiwa kile kilijulikana sana kwa ndoa. Akatuonyesha vipande vya karatasi vilivyofungwa kwenye vijiti, vingi kama maua ya kahawa baada ya mvua, akasema vingine ni maombi ya wachumba.

"Samaki," nilimwambia mzee, "na safari njema."

"Amesema mambo matatu. Ameinua na vidole."

Nilitazama chini. "Na ndoa."

Mzee alivirekebisha viatu vyake chini ya kwapa, maana hata siku hiyo alikuwa amebeba jozi yake nzuri na kuvaa ndara alizoazimwa na mwenyeji. Nilijua anachofikiri: kwamba kijana huyu amevuka bahari kuja kumwomba binti yangu kwa sanamu, na mimi mwenyewe amenitakasa ili ombi lipokelewe. Neno moja tu kama hilo mbele ya wazee wa kanisa, na ningetengwa, na baba yangu asingerudi tena kwenye nyumba ile. Kisha nikaona kitu kingine usoni mwake. Na yeye alikuwa ananiogopa. Aliyenawa ni yeye, aliyesukutua ni yeye, na shahidi alikuwa mimi.

Tulikula kwenye miamba, kila mmoja akitazama upande wake. Mzee alimwomba mwenyeji, kupitia kwangu, aseme kwa nini Mkristo awalete Wakristo mahali pale.

"Watoto ninaowafundisha wanatoka katika nyumba zinazokuja hapa," mwenyeji alijibu. "Nilitaka mwone wanatoka wapi. Na bahari ni nzuri." Nilitafsiri yote, mpaka ile ya bahari.

Alasiri mwenyeji aliona miguu ya mzee. Ilikuwa imevimba tangu kwenye ndege, na mchanga ulikuwa umeichosha zaidi. Akasema upande ule mwingine wa ghuba kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, na wazee wa mji wote hupelekwa huko wakiumwa miguu.

Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe, karibu na bahari hata mawimbi yalirusha matone kwenye ukuta. Mvuke ulitoka kila upande. Mzee hakuingia. Alizunguka nyumba nzima kwanza, akarudi.

"Mwulize kuni ziko wapi."

"Anasema hakuna kuni. Maji yanatoka chini yakiwa moto."

"Nani anakoka moto huko chini?"

Mwenyeji alicheka nilipotafsiri. Mzee hakucheka. Alichovya kidole kwenye mfereji mdogo, akakiweka ulimini.

"Yana chumvi," alisema. "Kijana, maji ya moto yenye chumvi kwetu ni ya kupikia nyama."

Lakini miguu ilimshinda. Shida iliyobaki ilikuwa mimi. Mwenyeji alinipa taulo dogo na mimi, akatuonyesha kikapu kimoja cha kuwekea nguo zetu sote, akidhani sisi ni baba na mwana. Humo ndani watu wote huoga uchi katika bwawa moja. Kwetu kijana hamwoni uchi mtu wa rika la baba yake. Na baba wa msichana unayemposa ndiye kabisa. Zamani ukimwona, hata kwa bahati mbaya, ulidaiwa mbuzi, ili muweze kutazamana tena. Kanisa lilikataza mbuzi wa namna hiyo, na mzee mwenyewe alikuwa ameihubiri marufuku hiyo mara nyingi. Lakini ile haya yenyewe hakuna aliyeikataza.

Nilirudisha taulo. Tukakubaliana kwamba mimi nitakaa nje ya kizingiti, nimeupa mlango mgongo, na viatu vyake nitavishika mimi. Kabla ya kunipa alivitazama, akanitazama. Mwenyeji alimwonyesha jinsi ya kujimwagia maji kwa ndoo ndogo kabla ya kuingia, kisha akaenda kuagiza chai. Saa ile hapakuwa na waogaji wengine.

"Baba?" niliita.

"Niko."

Mawimbi yalipiga ukuta. "Baba, maji yakoje?"

"Moto. Acha kuniuliza."

Nikanyamaza kidogo, nikaita tena. "Baba?"

"Hii! Niko. Unataka nini, niimbe?"

Nilikaa kimya zaidi, kwa kuogopa kumkera. Nilipoita mara nyingine hakujibu. Nikaita kwa sauti. Nilifikiri amekasirika. Halafu nikafikiri ananijaribu, aone kama nitageuka. Hilo ndilo nililoliamini, na liliniweka pale kizingitini zaidi ya ilivyofaa. Kisha nikasikia sauti ya maji kama mtu anayekunywa vibaya.

Niliingia na viatu vyake mkononi na vyangu miguuni. Alikuwa ameegemea ukingo, kichwa kimeanguka kifuani, kidevu kimeingia majini. Nilimshika chini ya makwapa nikamvuta. Alikuwa mzito, na mwili wake ulikuwa unateleza. Nilijaribu kutazama ukutani, lakini huwezi kumtoa mtu majini ukitazama ukuta. Nilimlaza kwenye mbao, nikamfunika na taulo lile dogo, halikutosha, nikamfunika na koti langu. Nikampepea na gazeti la viatu mpaka macho yakafunguka.

Alitazama dari. Alitazama koti.

"Nani amenitoa?"

Wazo lilinijia kusema ni mwenyeji. Kulikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Lakini mikono ya shati langu ilikuwa imelowa mpaka mabegani, na yeye alikuwa ameshaiona.

"Ni mimi, baba."

Alifumba macho tena. Mwenyeji aliporudi na chai alitukuta mmoja anatazama dari, mwingine anatazama bahari.

Tulirudi na treni ile ile. Kisha mzee, akiwa ameelekea dirishani, alisema kana kwamba anazungumza na mashamba ya mpunga, "Utaleta mbuzi."

Ruiru walitupokea kwa nyimbo. Mzee alisimama kanisani kutoa ripoti. Alieleza ndege, mkutano, watoto wa Japani wanavyoimba, na treni zisizochelewa. Kisiwa hakukitaja. Maji ya moto hakuyataja. Alipomaliza alinitazama mimi, na watu wakageuka kutazama anamtazama nani.

Thika kiwandani waliniuliza, "Walikufundisha nini huko?" na "Ni kweli uliinamia sanamu?" Sikujua ni nani aliyewaambia habari ya sanamu. Labda hakuna, labda walibahatisha. Nilisema nimeona bahari.

Kilichonisumbua kilikuwa mbuzi. Nikimpeleka, mzee angeweza kusimama mbele ya kanisa na kusema: tazameni, kijana wa shule ya Jumapili anafanya matambiko ya zamani. Nisipompeleka, nimemdharau baba wa msichana, na jibu nimelijua. Nilimweleza baba yangu mambo yote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Mtu hadai mbuzi wa ukwe kwa mtu ambaye si mkwe wake," alisema. "Hiyo ni habari njema. Lakini mzee yule... alikuambia mbele ya nani?"

"Hapakuwa na mtu anayesikia Kikuyu."

"Hapo ndipo nisipopenda."

Hata hivyo alikwenda nami soko la Thika kuchagua. Nilimtembeza mbuzi mimi mwenyewe mpaka Ruiru, kupitia kahawa, na kila niliyekutana naye aliuliza ni wa nani na anakwenda wapi. Nilisema anakwenda Ruiru. Walinitazama mimi, wakamtazama mbuzi, wakaendelea na safari polepole.

Mzee alikuwa amesimama nje ya nyumba yake. Mkewe alikuwa mlangoni mwa jikoni, na binti nyuma yake na ungo wa maharagwe.

"Huyo ni mbuzi wa nini?" mzee aliuliza, kwa sauti ya kufika kwa jirani.

Nikisema ni wa kuondoa haya, nimejifunga mbele ya mashahidi. Nikisema ni wa nyama tu, nimekana. Nilisimama nimeshika kamba, na midomo yangu ilinisaliti kama kawaida, ikatoa kitu cha kwanza kilichokuwepo.

"Ni yule wa Japani, baba."

"Mbuzi ametoka Japani?" mkewe alishangaa.

Hapo nilimwona mzee amekwama. Alitazama barabarani. Kama mtego ulikuwepo, sasa tulikuwa ndani yake wote wawili.

"Ametembea sana," alisema. "Mlete huku nyuma kabla mchungaji hajapita."

Nyuma ya nyumba alichukua kisu, akakijaribu kwa kidole gumba. Aliniambia nishike miguu. Tulipokuwa tumeinama pale, vichwa vyetu karibu, alisema kwa sauti ya chini, "Baba yako aje Jumamosi na ndugu zake. Nitawapa jibu ambalo watalipenda. Na yale maji ya birika..."

"Maji gani, baba?"

Alinitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Upande wa jikoni tulimsikia mkewe bado anashangaa jinsi mbuzi anavyoweza kupanda ndege. Kisha sauti ya binti, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia baba yake akiwa karibu:

"Mama, Japani wapi! Ana alama ya rangi ya soko la Thika kwenye pembe. Hawa wawili kuna kitu wamefanya huko, na nitakijua."

Mzee aliacha kisu hewani.

"Umesikia mwenyewe," aliniambia. "Huyo ndiye unayemtaka. Shika miguu vizuri."